Chumba ni chumba, hata kikiwa na magurudumu

Jumamosi moja jioni nilikuwa nimekaa barazani kwangu hapa Machakos nikichambua ndengu, kazi ambayo mwanamume akishastaafu hujikuta amepewa bila kuulizwa, mara simu ikalia. Alikuwa kifungua mimba wangu, ambaye ni muuguzi huko Uingereza. Tukajuliana hali, tukaulizana habari za mvua, kisha akaja kwenye lile lililomfanya apige.

Yeye na mumewe wamedunduliza pesa kwa miaka 3 ili wawapeleke watoto wao wawili matembezi ya baharini. Watapanda meli kubwa ya watalii katika bandari ya Southampton, waelekee Norway kuona milima inayosimama wima ndani ya maji. Nauli ipo, likizo ipo. Kilichomkosesha usingizi ni vyumba.

Alinieleza kama mtu anayesoma bei za sokoni. Katika meli hizo kuna vyumba vya ndani visivyo na dirisha hata moja, na hivyo ndivyo vya bei nafuu. Kuna vyenye dirisha lisilofunguka. Kisha kuna vyenye roshani, ambako mtu hukaa akanywa chai yake akitazama bahari. Chumba kimoja chaweza kulaza watu wanne, wawili katika vitanda vya chini na wawili katika vitanda vinavyoteremshwa usiku kutoka ukutani au darini na kurudishwa asubuhi. Abiria wa tatu na wa nne katika chumba kimoja aghalabu hutozwa nauli ndogo kuliko wawili wa kwanza, kwa hiyo familia ikijibana huokoa pesa si haba. Lakini kitinda mimba wake ni mvulana wa miaka 10, na mkubwa ni msichana wa miaka 15.

"Sasa baba," akaniuliza, "tujibane wote wanne katika chumba kimoja, au tumtenge yule msichana?"

Nikaweka ungo chini. Swali hilo nilikuwa nimewahi kulijibu mimi mwenyewe, nikalijibu vibaya, na aliyeumia kwa jibu langu ndiye huyu huyu aliyekuwa akiniuliza. Cha ajabu ni kwamba alielekea kuwa amesahau.

Msomaji, hebu nikurudishe nyuma hadi Desemba ya mwaka 1996. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nina mke na watoto watatu: msichana huyo, akiwa na miaka 15 na yuko kidato cha pili, mvulana wa miaka 12, na kitinda mimba wa miaka 6. Nilikuwa nimewaahidi bahari kwa miaka mitatu mfululizo, na kila mwaka karo ilikuwa ikiimeza bahari hiyo kabla hatujaiona. Mwaka huo nikasema liwe liwalo, tutakwenda Mombasa, tena kwa gari la moshi.

Sisi wa Machakos mjini hatuna reli. Mji wetu ulikuwa kituo cha utawala cha kampuni ya Imperial British East Africa tangu mwaka 1889, lakini reli ilipojengwa kutoka Mombasa ilipita kando, ikafika Nairobi mwaka 1899, na wakubwa wa serikali wakaifuata huko huko. Basi Mkamba wa Machakos aliyetaka kulala garini alipanda kwanza matatu hadi Nairobi, kilomita 60 na ushei, ndipo arudi usiku kwa reli akipita Konza na Makindu, katika Ukambani wake mwenyewe aliotoka asubuhi!

Gari la usiku la Mombasa liliondoka Nairobi saa moja jioni, likatambaa kilomita 530 hivi, likafika kwa chai ya asubuhi. Daraja la tatu watu waliketi vitini usiku kucha. Daraja la kwanza lilikuwa na vyumba vya vitanda viwili viwili, kimoja juu na kimoja chini. Daraja la pili lilikuwa na vyumba vya vitanda vinne. Na katika daraja hilo la pili palikuwa na sheria: wanaume hulala na wanaume na wanawake na wanawake, isipokuwa familia iwe imelipia chumba kizima.

Nilipokwenda Nairobi kukata tikiti, karani alinitazama juu ya miwani yake akauliza tuko wangapi na wa umri gani. Nikamweleza. Akafikiri kidogo, akasema, "Mwalimu, mimi ningekuwa wewe, mama na msichana ningewaweka vyumba vya wanawake, nawe na wavulana mkakaa upande wa wanaume. Mtakuwa behewa moja."

Nikakataa katakata. Binti yangu alale na watu nisiowajua? Nikamwambia anipe chumba kimoja cha vitanda vinne, kitinda mimba atalala na mamake, na mlango tutaufunga kwa ndani. Akaandika. Nikatoka kifua mbele kama mtu aliyeshinda kesi.

Huko nyumbani mamangu mzazi, ambaye watoto walimwita Susu kama sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, aliposikia mpango huo aliacha kusuka kiondo chake. Akaniuliza ni lini mila zilibadilika, baba akalala chumba kimoja na binti aliyekwisha kupevuka. Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, hili ni gari la moshi, si nyumba."

Naye akajibu, "Chumba ni chumba, hata kikiwa na magurudumu."

Nikayachukulia kuwa maneno ya wazee. Mimi nilikuwa mtu wa chaki na vitabu bwana, ningeambiwa nini na mtu ambaye hajapanda gari la moshi hata siku moja?

Siku ikafika. Stesheni ya Nairobi ilikuwa imefurika. Orodha ya majina ya abiria na nambari za vyumba ilikuwa imebandikwa ubaoni, na wavulana wakasukumana kulitafuta jina letu. Tulipoingia chumbani walifurahi mno. Palikuwa na sinki dogo la kunawia, taa, feni, na viti virefu viwili vilivyotazamana ambavyo usiku hugeuka vitanda, na juu yake vitanda vingine viwili vya kukunjua. Ukisimama katikati na kunyoosha mikono waweza kugusa kuta zote mbili.

Msichana akasimama mlangoni. "Na mimi nitalala wapi?" akauliza.

"Kitanda kile cha juu, mkabala na ndugu yako. Mimi nitakuwa hapa chini," nikamjibu.

Hakusema neno. Kwa kweli mwaka mzima huo alikuwa mtu wa kutosema neno. Alikuwa amekwenda shule ya bweni akiwa mtoto wa kuimba jikoni, na kila likizo alikuwa akirudi amepungua maneno. Mimi nilidhani ni kiburi cha ujana. Na ukitaka nikwambie ukweli wote, hiyo ndiyo sababu hasa iliyonifanya nitake alale mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimejiambia kwamba mtoto asiyesema ana analolificha.

Gari lilipoondoka nikawapigia wavulana hadithi ya Kima, kituo kilicho mbele ya Konza. Mwaka 1900 afisa wa polisi Mwingereza aliyeitwa Ryall alikwenda kituoni hapo kumvizia simba aliyekuwa akila watu. Alilala katika behewa lake pamoja na wenzake wawili, mmoja kitanda cha juu, mwingine sakafuni, na yeye akakaa zamu kitanda cha chini karibu na dirisha. Usingizi ukamchukua mlinzi. Simba akaingia kwa mlango ulioachwa wazi, akamkanyaga yule wa sakafuni, akamchukua Ryall na kuruka naye dirishani. Behewa lenyewe liko katika jumba la makumbusho ya reli pale Nairobi mpaka leo. Wavulana waliposikia hayo wakagombania vitanda vya juu, tukacheka. Nilipogeuka kuona kama dada yao naye anacheka, hakuwapo.

Mhudumu akapita ujiani akigonga marimba yake ndogo kuita watu kwenye chakula. Tukala katika behewa la mkahawa, penye vitambaa vyeupe mezani, na tuliporudi tukakuta vitanda vimetandikwa shuka na blanketi. Wavulana wakapanda juu. Mke wangu akajinyoosha na kitinda mimba. Msichana akabaki ujiani, amesimama dirishani, begi lake dogo mkononi.

Nikamwita mara moja. Nikamwita mara ya pili. Ya tatu nikamwita kwa sauti ile ya darasani, na kwa kuwa palikuwa na vijana wa kiume wawili watatu waliosimama ujia ule ule, nikaongeza neno ambalo sitaki kuliandika hapa. Hakugeuka.

Mke wangu akanishika mkono. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, umeshaona mahali ambapo mtoto huyu atabadilishia nguo? Na siku zenyewe ndizo hizi." Basi. Kuna mambo ambayo mwanamume huambiwa kwa nusu neno, na nusu ile inamtosha.

Nilikaa pale kitandani nikiangalia chumba kile nilichokichagua mwenyewe. Nilikuwa nimehesabu vitanda, nimehesabu shilingi, nimehesabu hatari za watu nisiowajua. Sikuwa nimemhesabu mtoto. Nilikuwa kama yule Ryall, nimekaa zamu kumlinda mtu, nikasinzia.

Nikatoka nikasimama kando yake. Nje giza lilikuwa tupu, isipokuwa taa moja moja za vituo. Nikamwambia aingie alale, mimi nitakaa ujiani hadi asubuhi.

"Hapana, baba," akasema. "Ni wewe uliyelipa."

Maneno hayo yalinichoma. Nikanyamaza. Tukasimama vituo viwili au vitatu bila kusemezana. Tulipokuwa tunakaribia Makindu ndipo akasema, akiwa bado anatazama nje, kwamba alikuwa amefurahi sana niliposema tutalala garini. Alidhani atapata kitanda.

"Kwani shuleni hulali kitandani?" nikamuuliza.

Ndipo yakamwagika. Bweni lao lilikuwa limejaa kupita kiasi. Tangu mwanzo wa mwaka alikuwa akilala mzungu wa nne na msichana mwingine, kichwa cha huyu miguuni pa yule, katika kitanda cha mtu mmoja. Sanduku lake lilikuwa limevunjwa mara mbili. Alikuwa amezoea kuoga alfajiri na mapema kabla wenzake hawajaamka, kwa sababu hakukuwa na mlango. Siku moja alijaribu kunieleza katika barua, akaichana, akaogopa nitasema wenzake wote wanavumilia mbona yeye asivumilie. Na ni kweli, ningesema hivyo hasa.

Nilimtafuta mhudumu wa behewa, mzee wa makamo aliyekuwa ameona familia za kila namna. Nikamwomba ushauri. Akatazama karatasi yake, akasema chumba kinachopakana nasi ni cha wanawake na kitanda kimoja kiko wazi. Ndani yake alikuwamo bibi mmoja wa Kitaita aliyekuwa akirudi Voi, na akina mama wawili wachuuzi waliokuwa wakienda Mombasa. Ndio wale watu nisiowajua! Bibi yule akafungua mlango, amejifunga leso, akamtazama binti yangu na begi lake, wala hakuuliza swali. Akasema, "Ingia mwanangu, kitanda cha juu kile hakina mtu."

Kabla hajaingia nikamwonyesha ukuta uliotutenganisha, ambao ulikuwa mwembamba. "Ukiwa na shida yoyote gonga mara mbili. Nitasikia."

Saa ngapi sijui, nikiwa nimelala nusu usingizi, nikasikia ukuta umegongwa mara mbili. Nikaruka nusura nipasue kichwa kwenye kitanda cha juu. Nikatoka mbio. Mlango ukafunguliwa kidogo, uso wake ukachungulia, anatabasamu. "Hakuna kitu, baba. Nilikuwa najaribu tu."

Asubuhi tuliamka minazi imeshaanza. Tulipokuwa Mariakani alikuja chumbani kwetu amenawa uso, amevaa gauni jingine, akakaa kando yangu akaanza kusimulia: bibi alivyokoroma, bibi alivyoteremka Voi kukiwa bado giza akamwachia mapera matatu, mama mmoja mchuuzi alivyo na binti muuguzi katika hospitali. Alisimulia hadi Mazeras, akasimulia tukivuka kuingia kisiwani. Mke wangu alinitazama, nami nikajifanya naangalia bahari.

Januari nilikwenda shuleni kwao, nikaliona bweni kwa macho yangu, nikamhamishia shule ya kutwa hapa karibu. Jirani zangu walinicheka, maana wakati huo kumtoa mtoto bwenini ilikuwa kama kumshusha cheo. Susu hakucheka. Alimpa chumba cha nyumba yake, chenye mlango na komeo, naye akalala chumba cha pili. Hapo ndipo mtoto alipomalizia kidato cha nne.

Susu ametutoka. Gari lile la usiku nalo limetutoka. Tangu mwaka 2017 reli mpya ya Madaraka Express inakwenda Mombasa kwa saa tano au sita, na abiria huketi vitini, kwa hiyo hakuna baba wa Machakos anayehangaika tena na vitanda vya garini. Lakini swali halikufa na vitanda. Liko katika vyumba vya kupanga vya Nairobi, ambako familia ya watu sita hugawana chumba kwa pazia. Liko katika nyumba za wageni huko pwani kila Desemba. Sasa limeingia hata katika meli ya Norway.

Basi nikamwuliza binti yangu kwenye simu, "Je, wamkumbuka bibi wa Kitaita?"

Kimya. Kisha nikamsikia akivuta pumzi. "Mapera," akasema. Kisha tena, "Wee! Baba, ni mimi huyu nilitaka kumlaza mtoto juu ya kichwa cha babake!"

Tukaanza upya, safari hii kwa utaratibu. Akanieleza kwamba meli nyingi zina vyumba viwili viwili vyenye mlango wa katikati, ambao wazazi wakitaka hufunguliwa na wakitaka hufungwa, lakini ni vichache na huchukuliwa mapema. Akasema pia kampuni nyingi hazikubali watoto waandikwe peke yao. Kila chumba sharti kiwe na mtu mzima, mara nyingi wa miaka 21 au zaidi, ingawa zipo zinazolegeza sharti hilo wazazi wakiwa chumba cha jirani. Kwa hiyo familia nyingi humwandikisha baba chumba kimoja na mama cha pili, kisha wakishaingia melini wanajigawa wanavyopenda. Na vyumba viwili vya ndani visivyo na dirisha, akipiga hesabu, havikuzidi sana bei ya kile kimoja chenye roshani alichokuwa akikitamani.

"Roshani ni ya nani?" nikamuuliza.

"Ni yangu," akakiri, akacheka.

Nikamwambia ushauri wangu ni mdogo. Vyumba viwili vipakane au vitazamane. Asikubali kuwekwa ghorofa hii na mtoto ghorofa ile kwa sababu ya punguzo la bei. Mama alale na msichana ikiwa msichana anataka, baba na mvulana wakae cha pili. Au watoto wakae pamoja, ikiwa dada mtu anamvumilia kaka yake. Lakini kabla ya yote hayo, je, mwenyewe ameulizwa?

Hakuwa ameulizwa. Watu wazima wawili walikuwa wamekaa na kalamu na karatasi majuma mawili wakimpangia mahali pa kulala, na mwenye kulala yumo chumba cha pili anasikia.

Wiki iliyofuata alinipigia tena. Walikuwa wamemwuliza. Mtoto hakutaka roshani wala dirisha. Alitaka kitanda ambacho hakuna mtu atakayekishusha au kukipandisha, mahali pa kufunga mlango anapovaa, na mamake awe karibu. Ya tatu hiyo hawakuitarajia. Wamechukua vyumba viwili vya ndani vilivyopakana. Mama na binti kimoja, baba na mwana cha pili.

Mzazi mwenzangu, najua si kila mtu ana nauli ya vyumba viwili. Mimi mwenyewe sikuwa nayo mwaka 1996. Lakini kile kitanda kilichomfaa binti yangu kilikuwa cha daraja lile lile tulilokwisha kulipia. Kilichokuwa kimekosekana ni mimi kumwuliza. Ikiwa ni chumba kimoja tu mlicho nacho, basi toka nje mtoto abadili nguo, tundika leso, gonga kabla hujaingia. Na ukiona mtoto amesimama ujiani na begi lake mkononi, usimwite mara tatu. Toka ukasimame naye.

Nilipokata simu nilirudia ndengu zangu, na kwa kuwa giza lilikuwa limeingia, mke wangu alikuta mawe mawili kesho yake. Nikamwambia alaumu Norway.